Vumbi la ujenzi likadiriwe, lisikisiwe

Yeyote aliyepata kufundisha katika darasa linalopakana na jengo linalojengwa aijua adha yake. Kabla ya saa nne asubuhi, madawati yamekwisha kuvaa utandu wa vumbi. Mwalimu akifunga madirisha, wanafunzi wahema kwa joto, akiyafungua, wapaliwa. Mimi mwenyewe nilifundisha muhula mzima katika hali hiyo. Nilipomwendea msimamizi wa ujenzi, alinijibu kwa upole kwamba ni "vumbi kidogo tu, mwalimu".

Neno hilo "kidogo" ndilo lililonisukuma kuandika. Kukisia si kukadiria. Anayekisia husema lililomjia kichwani. Anayekadiria hutaja kiasi, huonyesha alivyokokotoa, naye aweza kusahihishwa. Jibu nililopewa lilikuwa kisio.

Twahadaika kwa kuwa tumeyafanya macho kuwa mizani. Vumbi tulionalo likitimka, aghalabu ni lile zito lisilokawia kutua. Lenye madhara zaidi ni chembe zisizozidi upana wa maikromita 10, hasa zile zisizozidi 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Unywele wa binadamu una kama maikromita 70. Isitoshe, vumbi la mawe na zege huwa na silika, ambayo ikivutwa kwa miaka mingi hutia mapafu makovu na yaweza kuleta saratani. Wa kwanza kuumia ni vibarua wenyewe, kisha majirani.

Je, kisichoonekana hukadiriwaje? Shirika la kuhifadhi mazingira la Marekani liliwahi kutoa kadirio la jumla kwamba hekta moja ya ujenzi mkubwa hutoa takriban tani 2.69 za vumbi kwa kila mwezi wa kazi. Tuchukue ploti ya hekta 0.2, yaani kama nusu ekari, ijengwe kwa miezi minane. Tukizidisha, twapata tani 4.3, uzito wa mifuko 86 ya saruji. Hicho ndicho "kidogo" tulichoambiwa.

Hata hivyo, tusiipokee tarakimu hiyo kama msahafu. Inahusu vumbi lote linaloelea, si chembe ndogo pekee, na ilitokana na vipimo vya maeneo makavu. Udongo mwekundu wa Kiambu si sawa na ule mweusi wa Embakasi, wala kiangazi si masika. Mkadiriaji makini huigawa kazi: kuchimba, kupakia, safari za malori. Huuliza udongo una tifutifu kiasi gani, una unyevu gani, malori yana uzito gani na yanapita mara ngapi. Hatimaye huweka vipimo mpakani ili kuthibitisha hesabu yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba chembe zile za 2.5 zisizidi wastani wa maikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa kwa saa 24.

Wanakandarasi watalalamika kwamba hayo yote ni gharama. Ni kweli, nasi twahitaji nyumba na madarasa. Lakini maji ya kunyunyizia, turubai za kufunikia malori na nyavu za kuzungushia jengo visiponunuliwa, gharama haitoweki. Hulipwa na kifua cha mtoto. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Haki hiyo haiwezi kulindwa kwa "kidogo tu". Kabla ya jembe la kwanza kupigwa karibu na shule, kadirio la vumbi pamoja na hatua za kulipunguza vibandikwe langoni, wazazi na walimu wavisome.

Nanyi walimu wenzangu, wapeni wanafunzi hesabu hii. Siku watakapoambiwa kwamba vumbi ni kidogo, na waulize kwa adabu: kidogo kiasi gani?