Bawaba ndogo, hatari kubwa: Ghorofa za Kibera na Kawangware zahitaji milango inayojifunga

KILA moto unapozuka katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi, mjadala huwa ni ule ule: vichochoro vyembamba, magari ya zimamoto yaliyochelewa kufika, nyaya za umeme zilizounganishwa kiholela na mitungi ya gesi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza habari za mlango. Hata hivyo, historia ya mikasa ya moto humu nchini inaonyesha kuwa mlango ndio ambao mara nyingi huamua nani atanusurika na nani ataangamia.

Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wanafunzi 67 wa Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, waliteketea bwenini. Mlango mmoja wa bweni hilo ulikuwa umetiwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2, 2017, wanafunzi 10 walipoteza maisha baada ya bweni la Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi, iliyo jirani na Kibera, kushika moto. Septemba 2024, watoto 21 walikufa katika bweni la Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri.

Kutokana na mikasa ya aina hii, mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 uliagiza kwamba milango ya mabweni ifunguke kwa nje, wala isitiwe kufuli kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani. Umma umelielewa funzo hilo vyema: mlango uliotiwa kufuli ni mtego.

Lakini hiyo ni nusu tu ya funzo. Nusu ya pili ni kwamba mlango ulioachwa wazi pia huua, na huwaua hasa watu walio mbali na moto wenyewe.

Januari 9, 2022, moto uliosababishwa na kifaa cha umeme cha kupasha joto ulizuka katika makao ya familia moja ndani ya jengo la ghorofa 19 mtaani Bronx, New York. Familia hiyo ilikimbia. Mlango wao, ambao ulipaswa kujifunga wenyewe, haukujifunga. Moto haukwenda mbali, ila moshi ulijaa katika ngazi na kupanda hadi ghorofa za juu. Watu 17 walikufa, wengi wao wakiwa wahamiaji wenye asili ya Gambia, na kilichowaua ni moshi. Jijini London, uchunguzi wa mkasa wa jumba la Grenfell, ambako watu 72 walikufa Juni 2017, nao ulibaini kuwa milango mingi haikuwa na vifaa vya kujifunga vilivyofanya kazi, na hivyo moshi ukaenea hadi ngazi ya pekee ya jengo hilo.

Mambo hayo yanawahusuje wakazi wa Kibera na Kawangware? Yanawahusu kwa sababu mitaa hiyo imebadilika. Kibanda cha mabati au cha udongo hakina haja ya mlango maalumu, kwani moto hupitia paa na kuta zenyewe. Pale, fedha zitafaa zaidi zikitumiwa kupanua njia, kurekebisha umeme na kuweka maji karibu.

Hali ni tofauti katika majengo ya mawe. Huko Kawangware na Gatina, vyumba vya mabati vinaendelea kubomolewa na mahali pake kuinuliwa ghorofa za kupangisha, zenye vyumba vinavyotazamana kwenye ujia mmoja na aghalabu ngazi moja tu. Kibera nako, nyumba 822 za mradi wa kuboresha makazi ya Soweto Mashariki zilikamilika mwaka wa 2016, na ujenzi mwingine ukafuata chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Katika jengo kama hilo, ukuta wa mawe na sakafu ya zege vinaweza kuuzuia moto kwa muda mrefu. Tundu pekee lililobaki ni mlango.

Mlango wa mbao unaweza kuliziba tundu hilo. Mbao laini iliyo imara huungua kwa takribani milimita 0.65 kwa dakika, maana yake ni kuwa kwa nusu saa moto hula kama milimita 20. Ndiyo sababu milango ya kustahimili moto kwa dakika 30 kwa kawaida huwa na unene wa milimita 44. Mlango mwepesi wa plaiwudi wenye uwazi ndani, ambao ndio umejaa katika nyumba nyingi za kupangisha, hautoi kinga ya aina hiyo. Hata hivyo, mlango mnene kuliko yote hauna faida yoyote ikiwa mtu anayekimbia akiwa amembeba mtoto atauacha wazi. Hapo ndipo bawaba zinazojifunga zinapoingia.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni uzito. Mlango wa mbao ngumu tupu wenye urefu wa mita mbili, upana wa sentimita 90 na unene wa milimita 44 huwa na uzito wa takribani kilo 40 ukitengenezwa kwa mbao yenye uzito wa kilo 500 kwa mita ya ujazo. Ukitumia mbao nzito zaidi, unakaribia kilo 50. Bawaba mbili za kawaida huanza kulegea chini ya mzigo huo. Mlango ukiinama, hukwaruza sakafu na kukwama kabla ya kufika kwenye fremu. Bawaba tatu ndizo desturi, zikikazwa kwa skrubu za chuma zenye urefu kamili. Skrubu fupi zilizopigiliwa kwa nyundo hazitoshi.

La pili ni madini yenyewe. Mlango unaokusudiwa kustahimili moto haupaswi kushikiliwa na kitu kinachoyeyuka mapema. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na zinki kwenye nyuzi 420 hivi. Moto wa chumba kimoja hupita viwango hivyo kwa urahisi. Bawaba za chuma cha pua au chuma cha kawaida ndizo za kuchaguliwa, hata kama zile zinazong'aa dukani ni rahisi zaidi.

La tatu ni nguvu ya springi. Springi huvuta kwa nguvu nyingi mlango ukiwa wazi kabisa, na nguvu hiyo hupungua kadiri unavyokaribia fremu, mahali ambapo nguvu inahitajika ili kusukuma ulimi wa kitasa uingie tunduni. Mlango uliorudi lakini ulimi haujaingia unaweza kusukumwa wazi na shinikizo la moto. Kwa hivyo fundi anapaswa kuujaribu mlango ukiwa umefunguliwa kidogo, nusu na kabisa. Mara zote tatu ni lazima ujifunge hadi ulimi ubofye. Kisha ajaribu tena baada ya mvua za masika, kwani mbao ambayo haikukauka vyema huvimba na kumeza nafasi ya milimita tatu hivi inayoachwa kati ya mlango na fremu.

Iwapo springi itakazwa sana, mlango utapiga kwa kishindo na kuwaumiza watoto na wazee. Vifaa vya kufungia vinavyowekwa juu ya mlango, ambavyo hutumia mafuta kupunguza kasi, havina kasoro hiyo, ingawa ni ghali zaidi na huonekana, jambo linalovifanya vivutie wezi. Njia ya kati ni kuviweka kwenye milango ya ngazi inayopitwa na watu wengi, na kutumia bawaba za springi kwenye milango ya vyumba.

Kuna vikwazo viwili ambavyo havimo katika vijitabu vya watengenezaji, ila vinajulikana kwa kila mpangaji. Cha kwanza ni kitasa kinachojikaza chenyewe. Mwanamke anayetoka kuteka maji kwenye ujia, kisha mlango ukajifunga na ufunguo uko ndani, kesho yake ataweka jiwe au kabari. Mlango uliowekewa kabari ni sawa na mlango usiokuwepo. Dawa yake ni kitasa cha mkono, kinachofunguka pande zote bila ufunguo hadi mwenyewe aamue kukifunga, na ambacho kutoka ndani hakihitaji ufunguo wakati wowote.

Kikwazo cha pili ni hewa. Familia nyingi huishi, hulala na kupika katika chumba kimoja, na mlango wazi ndio dirisha lao. Mlango unaojifunga, huku jiko la makaa likiwaka ndani, unaweza kuleta kifo kingine, kile cha hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu. Kumpa mpangaji bawaba za springi pasipo kumpa tundu la kudumu la hewa kwenye ukuta wa nje ni kumtoa motoni na kumtia moshini.

Mzigo huu, basi, hauwezi kuachiwa mpangaji. Kwa zaidi ya nusu karne, Kenya ilitegemea sheria za ujenzi za 1968, kabla ya kanuni mpya za mwaka wa 2024 kuchukua nafasi yake na kuanza kutumika Machi 2025. Kanuni kwenye karatasi hazijifungi zenyewe. Atakayezitia nguvu ni mkaguzi wa kaunti anayefungua mlango, kuuachilia na kusikiliza kama ulimi umebofya, kabla ya kumpa mwenye nyumba idhini ya kuingiza wapangaji.

Kwa mafundi wa jua kali walio kando ya Barabara ya Ngong na ya Naivasha, hii ni fursa. Serikali iliahidi kwamba milango ya nyumba za bei nafuu itatoka katika karakana zao. Ikiwa maelezo ya zabuni yatataja unene wa mbao, idadi na aina ya bawaba, pamoja na namna ya kuzijaribu, mafundi hao watazitengeneza. Yakitaja bei peke yake, watatengeneza kile ambacho bei hiyo inaruhusu, na lawama haitakuwa yao.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ghorofa za Kawangware na Kibera, ukuta tayari umejengwa. Ufa uliosalia ni mlango.