Usingoje Meza, Daftari Latosha

Je, ni mara ngapi umesema utaandika kisa cha ukoo wenu? Utaanza watoto wakirudi shuleni. Utaanza ukipata likizo, ukinunua meza, ukihamia nyumba yenye chumba cha ziada. Huku ukingoja, nyanya yako huko mashambani anazidi kuzeeka, na hadithi anayo yeye.

Jirani yangu mmoja alinuia kuandika habari za babake, aliyekwenda Burma na kikosi cha KAR wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kazi hiyo, alisema, angeifanya akistaafu. Kweli alistaafu mwaka wa 2004, na meza akanunua. Lakini mzee aliyekuwa na babake huko vitani, aliyejua nani alifia wapi na nani alirudi na jina jipya, alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Daftari la jirani lina kurasa tatu, na nyingi ni maswali.

Wengi hupenda kutoa mfano wa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978. Ni mfano wa kusisimua, ila naona huwatisha watu wa kawaida. Mtu hujiambia, "Aa, yule ni Ngũgĩ," akarudi kutazama televisheni.

Afadhali umtazame Margaret Ogola. Alikuwa daktari wa watoto, tena mke na mama. Shughuli zake zingetosha kuwa udhuru kwa yeyote yule. Hata hivyo kitabu chake cha kwanza, The River and the Source, kilitoka mwaka wa 1994, kikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, na baadaye kikatahiniwa katika shule za sekondari. Ndani yake mna nini? Vizazi vya wanawake wa ukoo mmoja wa Kiluo, kuanzia Akoko hadi vitukuu wake waliokulia mjini. Ni mambo ya aina ile ile ambayo nyanya zetu husimulia wakichambua mboga.

Nadhani wengi wetu bado tunaiogopa kalamu nyekundu ya mwalimu wa insha. Tunaandika sentensi moja, tunaifuta, tunachana karatasi. Basi nunua daftari la kawaida la watoto wa shule, na usimwonyeshe mtu hadi lijae. Wala usianzie mwanzo. Anzia pale unapokumbuka vizuri zaidi, hata kama ni siku ng'ombe alipoingia jikoni. Ukurasa mmoja usiku, watoto wakishalala, hautakuchosha. Andika kwa lugha aliyoitumia msimulizi. Mkichanganya Kiswahili na lugha ya nyumbani, acha vivyo hivyo. Kusahihisha kuna wakati wake.

Na kama nyanya bado yupo, mpigie simu leo jioni, kabla ya taarifa ya habari. Usimwambie unaandika kitabu, asije akaanza kuchagua maneno. Muulize jambo moja tu: nyumba ya kwanza aliyoishi alipoolewa iliezekwa kwa kitu gani, na nani aliijenga. Kisha nyamaza, uandike.