Nyumba Inayookoa Stima: Ukiiuza, Pesa Itarudi?

Mzee wangu alipoanza mjengo Kitengela, nyumbani kulizuka mjadala: aweke sola ya kupasha maji, ama afunge shawa ya stima ya bei nafuu amalize? Yeye alikuwa na swali moja tu: "Nikiuza hii nyumba, nani atanirudishia hizo pesa za ziada?"

Swali zuri. Jibu langu: pengine hakuna, usipokuwa na rekodi.

Tuseme ukweli. Mnunuzi wa Kenya huanza na hati miliki, barabara na maji. Mthamini naye huangalia nyumba za jirani ziliuzwa pesa ngapi. Kama mtaani hakuna nyingine yenye sola, hana cha kulinganisha. Kwa hivyo usijenge hivi ukitegemea bei ya kuuza peke yake.

Faida ya kwanza iko kwenye tokeni. Shawa ya stima hula karibu kilowati 5. Watu wanne wakioga dakika 10 kila mmoja, hizo ni zaidi ya uniti 3 kwa siku, karibu 100 kwa mwezi. Maji yakipashwa na jua, sehemu kubwa ya hizo uniti inabaki mfukoni.

Na si kila kitu ni gharama. Kuelekeza madirisha kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisichome vyumba, ni suala la ramani tu. Mwambie fundi mapema, kabla msingi haujachimbwa.

Sasa, kuuza. Ukinunua tokeni kwa simu, kila shilingi imeandikwa. Pakua stetimenti ya miezi 12, iweke pamoja na risiti na waranti ya sola. Mnunuzi akiuliza, unamwonyesha namba, si maneno matamu. Stetimenti mwonyeshe, PIN usimpe mtu yeyote.

Kama sola uliichukua kwa kulipa pole pole, maliza deni kwanza. Mitambo mingi ya aina hiyo hujifunga malipo yakikatika, na hakuna anayetaka kuhamia nyumba akute giza.

Mzee aliweka sola. Hana mpango wa kuuza leo, lakini stetimenti zake anazihifadhi. Wewe ya kwako ulipakua lini?