Ujumbe wa video usafiri na video yenyewe

Video za mafunzo kwa Kiswahili zimejaa siku hizi: namna ya kuandaa kitalu cha mpunga, kuhifadhi mahindi yasibunguliwe, kumtambua mtoto mwenye utapiamlo. Nyingi huishia kwa mtaalamu kunyoosha kidole chini na kusema, "Bonyeza linki hapo." Kwa mkulima wa mpunga wa Mtowisa, kule bonde la Ziwa Rukwa chini ya Lyamba lya Mfipa, mara nyingi hapo hakuna kitu. Video imemfikia kwa WhatsApp, au imehamishwa kutoka memori kadi ya jirani ili kuokoa bando. Picha na sauti vimefika, linki imebaki YouTube. Anayetengeneza video kwa ajili ya watu wa vijijini aweke jambo la lazima ndani ya picha na sauti, na linki iwe nyongeza tu.

Sababu ni ya kiufundi. Kadi inayochomoza kona ya juu, na vile visanduku vya sekunde 5 hadi 20 za mwisho, havimo katika video. Ni tabaka ambalo YouTube hulitandaza juu ya picha wakati wa kutazama, na ukishusha video, tabaka haliji nayo. Hata anayetazama hukohuko YouTube hana uhakika nalo. Mwaka 2008 mtandao huo uliruhusu watu kubandika juu ya video zao maandishi na viboksi vya kubonyeza, na wengi wakavitumia kuunganisha somo na somo au kusahihisha walichokosea kusema. Havikufanya kazi kwenye simu, na simu ndizo zilizokuja kutawala. Mei 2017 uwezo wa kuviongeza ukafungwa. Tarehe 15 Januari 2019 vyote vikafutwa. Aliyetaja kipimo kibaya cha dawa ya mimea kisha akakirekebisha kwa maandishi hayo, leo video yake inafundisha kosa lilelile.

Wala si lazima tusubiri wengine watuonyeshe njia. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, iliwaambia wajawazito na wenza wao watume neno "mtoto" kwenda 15001, bila malipo, wapate ushauri wa ujauzito. Neno moja na tarakimu tano: mtu huzishika kichwani, na kitochi kinatosha. Mwaka 2014 Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, iliuliza maswali ya hesabu katikati ya kipindi, na mtoto akajibu kwa meseji kutoka simu ya mzazi. Huko ndiko kubonyeza kwetu, na hakukuhitaji intaneti. Basi namba ya kupiga au kutumia meseji iwekwe ndani ya video.

Wapo watakaosema kuwa linki hurekebishika, ilhali namba iliyokwisha kuchapwa kwenye picha ikibadilika, haisahihishiki tena. Ni kweli, na ni hoja nzito. Ndiyo maana namba ya mkononi ya afisa mmoja, ambaye kesho atahamishiwa Mpanda, haifai kabisa. Itumike namba fupi ya taasisi, kama 199 ya Wizara ya Afya au 116 ya huduma kwa mtoto, na mwezi na mwaka wa kurekodi vionekane kwenye picha ili mtazamaji ajue anachokiona ni cha lini.

Pingamizi la utapeli linanigusa zaidi, kwa kuwa nchi iliyochoshwa na meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" ina haki ya kuogopa namba yoyote. Lakini linki hazina usalama zaidi: Agosti 2023 YouTube yenyewe ilizima linki kwenye maelezo na maoni ya video zake fupi kwa sababu ya matapeli. Namba fupi ya taasisi inayotamkwa kwa sauti, ikaonekana kwa maandishi makubwa na kurudiwa mara mbili, ni ngumu kuighushi kuliko linki ambayo mtu haoni inampeleka wapi. Anayeomba pesa kupitia video aripotiwe kwa 15040, namba ya kuripoti matapeli, kama anayeomba kwa meseji. Na halmashauri au mradi wowote unaolipia video za wakulima uandike sharti hili katika mkataba: kabla ya malipo ya mwisho, video ichezwe kwenye simu isiyo na intaneti, na mtazamaji aweze kusema baada yake ampigie nani.