Sheria ya kuku isikae kabatini

Yuko msomaji atakayeshangaa kuona safu hii, ambayo kwa kawaida huzungumza habari za kahawa, barabara na shule, leo inazungumza habari za kuku. Tunamwomba asifanye haraka kugeuza ukurasa. Jambo tunalotaka kulisema linaanzia kwenye banda la kuku, lakini haliishii hapo. Linahusu haki ya mwananchi ya kuijua sheria kabla sheria hiyo haijamwadhibu.

Katika Karagwe kuku hafugwi kwa mchezo. Kuku ni akiba ya kwanza ya nyumba. Ndiye anunuaye daftari la mtoto, ndiye atoaye nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali, ndiye aletaye chumvi na sabuni katika miezi ambayo kahawa bado ni mbichi mtini. Akifika mgeni wa heshima, kuku ndiye anayeokoa sura ya mwenye nyumba. Mbolea yake hurudi kibanjani ikalisha migomba. Tena mara nyingi kuku ni mali ya mama, mali ambayo anaweza kuiuza bila kungoja ruhusa ya mtu.

Zamani mtu aliyeishi katikati ya kibanja chake hakuwa na haja ya kumwuliza yeyote kuhusu kufuga kuku. Kuku walichakura chini ya migomba mchana, na usiku walilala jikoni. Leo mambo yamebadilika. Ndama ya sasa si Ndama ya wazee wetu. Viwanja vimepimwa, nyumba za matofali zimesogeleana, wapangaji wanaishi ua mmoja, na dirisha la jirani linatazamana na banda la jirani mwenzake. Wengi wa watu hawa hawakuhamia mjini. Mji ndio uliowahamia. Wamelala wakiwa wanakijiji, wameamka wakiambiwa kwamba wako katika eneo la mji, na kwamba mjini kuna taratibu zake.

Tuchukue mfano wa mama mmoja aishiye mahali pa namna hiyo. Tuseme amepata fedha kidogo kutoka kikundi chake cha kuweka na kukopa, naye anataka kujenga banda la kuku thelathini nyuma ya nyumba. Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, anauliza kwanza. Jirani wa kwanza anamwambia kwamba kuku wamekatazwa kabisa. Wa pili anasema wanaruhusiwa, mradi wasizurure. Wa tatu anasema kinachokatazwa ni jogoo, kwa ajili ya kelele za alfajiri. Wa nne anatabasamu na kumwambia kwamba mambo hayo huzungumzika, mtu akija ampe chochote atakwenda zake. Wote wanne wamesikia. Hakuna hata mmoja aliyesoma.

Mama huyo sasa ana njia mbili. Ama aache mradi wake, na watoto wakose mayai na ada. Ama ajenge banda kwa kujificha, huku akiomba Mungu asionekane. Akichagua njia ya pili, siku moja atafika mtu mwenye daftari mkononi na kumwambia kwamba amevunja sheria ndogo. Sheria ipi? Kifungu gani? Ya mwaka gani? Mama hajui kwamba anayo haki ya kuuliza maswali hayo, na akiyauliza huenda akaonekana mjeuri. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hapa aliyefungwa kamba ni mwenye kuku, naye si mgeni. Yuko nyumbani kwake.

Tunaelezwa siku zote kwamba kutojua sheria si utetezi. Ni kweli, na ni kanuni nzuri. Lakini kanuni hiyo ina uadilifu pale tu ambapo sheria imewekwa mahali ambapo mtu wa kawaida aweza kuiona. Sheria iliyofungiwa kabatini, ikatajwa kwa mdomo tu siku ya kutoza faini, mbele ya mwananchi haina tofauti na amri ya mtu. Na mahali ambapo amri ya mtu imechukua nafasi ya sheria, rushwa haikawii kupiga hodi.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kila mtu afuge apendavyo. Jirani naye ana haki yake. Banda lisilosafishwa huleta inzi na harufu. Kuku wanaozurura huharibu bustani ya mchicha na kuchakura mbegu za maharage zilizopandwa jana. Chakula cha kuku kikimwagika ovyo huita panya. Mgonjwa aliyelala chumba cha pili anahitaji hewa safi. Watu wanaoishi kwa kubanana hawana budi kuwa na kanuni. Tunachokidai ni kanuni inayojulikana, inayomlinda mfugaji dhidi ya uonevu na kumlinda jirani dhidi ya uzembe kwa wakati mmoja.

Historia ya nchi yetu inatufundisha kitu katika jambo hili. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na shughuli zake zikawekwa chini ya watumishi wa serikali kuu. Miaka kumi baadaye zilitungwa Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, moja kwa ajili ya mamlaka za wilaya na nyingine kwa ajili ya mamlaka za miji, na halmashauri zikarejeshwa rasmi mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuziondoa serikali za mitaa kulikuwa moja ya makosa ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Maana ya kukiri huko ni kwamba mambo ya mahali yanaamuliwa vizuri zaidi na watu wa mahali hapo. Ikiwa lipo jambo la mahali kuliko yote, basi ni kuku wa uani.

Ndiyo maana halmashauri imepewa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini uwezo huo una masharti. Wananchi hawana budi kutangaziwa kusudio la kutunga sheria hiyo na kupewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi. Baada ya hapo sheria huhitaji kibali cha waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Halmashauri ya kijiji nayo yaweza kutunga sheria zake, ikishauriana na wanakijiji katika mkutano wao, kisha ikazipeleka halmashauri ya wilaya kwa idhini. Kwa hiyo sheria ndogo iliyo halali ina karatasi, na ina tarehe. Kisicho na vitu hivyo si sheria ndogo, hata kama kinatamkwa kwa sauti kubwa.

Basi mwananchi aulize nini, na amwulize nani? Kwanza ajue kiwanja chake kiko wapi kisheria: ni ardhi ya kijiji, au ni eneo lililopangwa kimji? Swali hili hujibiwa na ofisi ya ardhi na mipango miji ya halmashauri. Ikiwa ana hati, atazame matumizi yaliyoandikwa humo, kwa kuwa kiwanja cha makazi hakina masharti sawa na shamba. Pili, aende kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata na kuomba aonyeshwe maandishi ya sheria ndogo zinazohusu mifugo, usafi na mazingira. Aombe kuonyeshwa, asiombe kuelezwa. Tatu, amwone Bwana Afya kuhusu usafi wa banda, na Bwana Mifugo kuhusu chanjo na idadi ya kuku ambao banda lake linaweza kubeba. Nne, ikiwa ni mpangaji, azungumze na mwenye nyumba. Na kabla ya kupigilia msumari wa kwanza, amwone jirani yake. Mashauri mengi ya kuku hayaanzii ofisini, huanzia kwenye ua ambako watu wawili hawakusemezana mapema.

Asidhani kwamba jibu alilopewa ndugu yake wa mji mwingine linamtosha. Kyerwa ilipotengwa na Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012, palikuja kuwa na halmashauri mbili mahali palipokuwa na moja, na kila halmashauri ina uwezo wake wa kutunga. Mtu wa Ndama aliyeolewa Nkwenda hana budi kuuliza upya huko alikokwenda.

Wala jambo hili si geni katika nchi za jirani. Kampala ilipitisha mwaka 2006 sheria ndogo za kilimo cha mjini, mojawapo ikihusu mifugo, na Kaunti ya Nairobi ikatunga sheria yake mwaka 2015. Hapa kwetu, kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 ziliweka ukomo wa ng'ombe wanne kwa mfugaji wa mjini, tena wakiwa wamefungiwa. Mtu anaweza kubishana na idadi hiyo, lakini angalau anayo idadi ya kubishana nayo.

Iko sababu nyingine ambayo viongozi wetu wanapaswa kuitafakari kwa makini. Mfugaji anayejificha huficha pia ugonjwa. Ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, unaweza kumaliza kuku wa mtaa mzima kwa siku chache. Dawa ya kuutibu hakuna, lakini kinga ipo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mama aliyejenga banda kwa kujificha atamwitaje Bwana Mifugo aje kuchanja? Na kuku wake wakianza kufa, atatoa taarifa kwa nani, ikiwa kutoa taarifa ni kujishtaki mwenyewe? Tukumbuke kwamba Januari 2017 mafua ya ndege yaligundulika Uganda katika maeneo ya Ziwa Victoria. Mkoa wetu unapakana na nchi hiyo na unalitazama ziwa hilo hilo. Siku hatari kama hiyo itakapobisha mlangoni, usalama wetu utategemea kama wafugaji wadogo wanaiona ofisi ya mifugo kuwa rafiki au kuwa mtego.

Tunazitaka basi halmashauri zetu zifanye mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za mfadhili. Sheria ndogo zinazohusu ufugaji zichapwe kwa herufi zinazosomeka na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata na ya kijiji. Ziandikwe kwa Kiswahili chepesi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa ndiyo lugha ya sheria za nchi, kwa hiyo hakuna tena kisingizio. Zisomwe katika mikutano ya vijiji na vitongoji, na maswali yajibiwe hapo hapo. Mtumishi anayetoza faini ataje kifungu na kutoa stakabadhi. Na madiwani wajiulize kama sheria walizonazo zinalingana na maisha ya wapiga kura wao. Kuku watano wa ajuza na kuku elfu tano wa mfanyabiashara si jambo moja, wala hawastahili sharti moja.

Kwa upande wa wananchi, tunasema hivi: kuuliza si ujeuri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka mwenye taarifa za umma aliyeombwa kwa utaratibu ajibu katika muda usiozidi siku thelathini. Aliyejibiwa kwa mdomo na hakuridhika, na aandike barua. Asiyejua kuandika, na aandikiwe na mwanawe aliye shuleni. Hiyo nayo itakuwa elimu ya uraia. Na sheria ikishaonyeshwa, ifuatwe. Anayedai sheria iwekwe wazi, kisha akaacha kuku wake wakale mbegu za jirani, ameibomoa hoja yake kwa mikono yake mwenyewe.

Husemwa kwamba kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea, huchukuliwa na mwewe. Wazee wetu walimjua mwewe wa angani, na walijua namna ya kumfukuza kwa kelele na mawe. Mwewe mwenye daftari hafukuzwi kwa mawe. Hufukuzwa kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani, mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Karatasi hiyo na itolewe kabatini.