Sufuria ya Mama na Swali Tusiloliuliza Kliniki

Siku mbili baada ya arobaini ya mama yetu, tulikutana watoto wake wanne nyumbani kwake Tanga ili kugawana vyombo. Mambo ya nyumba na kishamba yalikuwa yamekwisha kuzungumzwa na wazee, wala hayakuzua neno. Vyombo ndivyo vilivyotuchukua siku nzima. Kila tulichokishika kilikuwa na umri wake: cherehani ya Singer ya kukanyaga, iliyotushonea sare za shule ya msingi, mbuzi ya nazi ambayo meno yake yalikuwa yamenolewa mpaka yakafupika, vikombe vya bati vyeupe vyenye ukingo wa buluu, kinu kilichopasuka mdomo na bado kikaendelea na kazi, kipimajoto cha zebaki ndani ya ala yake, na sufuria kubwa, nzito, ya kusubu, ambayo mama aliinunua kabla mimi sijazaliwa.

Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa kwa nini vitu hivi vilitunzwa hivyo. Madukani hapakuwa na kitu, sabuni na sukari zilipangiwa foleni, na sufuria ikitoboka ilipelekwa kwa fundi ikazibwa. Mwanamke aliyekuwa na vyombo vyake alivilinda kama alivyolinda watoto wake. Mimi si miongoni mwa wataalamu wanaodhani kwamba kila cha zamani ni uchafu. Karai la chuma la bibi huongeza madini ya chuma katika mboga, jambo lenye faida katika nchi ambamo upungufu wa damu kwa watoto na wajawazito ni ugonjwa wa kila siku. Na kanga iliyofuliwa miaka kumi na mitano ni laini kwa ngozi ya mtoto mchanga kuliko nguo nyingi mpya ninazoziona wodini.

Lakini kudumu ni sifa moja na usalama ni sifa nyingine, na ile sufuria ndiyo iliyonifundisha kuzitenganisha, tena kwa kuchelewa.

Mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyeitaka. Alikuwa akiishi na mama pamoja na binti yake wa miaka mitatu, na chakula cha nyumba ile kilipikwa humo: wali wa nazi, maharage, mchuzi wa nyanya, samaki wa ukwaju. Nilipomwambia asimpikie mtoto katika sufuria ile, alinitazama kwa mshangao, kisha kwa hasira. "Dada," akasema, "wewe mwenyewe umelelewa na sufuria hii, na umekuwa daktari." Kaka yetu mkubwa akacheka. Sikuwa na jibu la haraka, na nakiri kwamba kwa muda nilijiona mtovu wa adabu, niliyekuja kumkosoa marehemu mbele ya vyombo vyake.

Sufuria za kusubu hutengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu na kumimina uji wake katika kalibu ya mchanga. Ni kazi ya ufundi wa kweli, na sina dharau nayo. Tatizo liko katika kinachoingia tanurini. Alminiamu chakavu hutoka katika vipande vya injini, rejeta za magari, vifaa vya umeme na makopo, na pamoja nayo huingia risasi na wakati mwingine madini mengine yenye sumu. Fundi hana namna ya kuyaona. Sufuria ikishatoka na kung'arishwa, macho hayawezi kutofautisha safi na isiyo safi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliopima vyombo 42 vya kupikia vya alminiamu kutoka nchi 10 za Afrika, Asia na Amerika ya Kati. Zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi kwa kiasi cha kuhatarisha afya vilipochemshiwa kimiminika chenye asidi. Asidi hiyo katika jiko letu ni nyanya, ndimu na ukwaju. Na tabia yetu njema ya kusugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka ing'ae kama fedha huondoa utando mwembamba wa juu ambao kwa kawaida huikinga alminiamu, kwa hiyo kila asubuhi chakula hukutana na uso mpya wa chuma.

Risasi haina kazi yoyote katika mwili wa binadamu. Mwili huichukua kana kwamba ni kalisi na kuihifadhi katika mifupa kwa miaka mingi. Kwa mama mjamzito, mifupa inapotoa kalisi kwa ajili ya mtoto, hutoa na risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichokula. Mtoto mwenye upungufu wa chuma au kalisi hufyonza zaidi, na hao ndio wengi wa wagonjwa wetu.

Hapa ndipo jibu la mdogo wangu lilipokuwa, ingawa lilinijia usiku, watu wamekwisha kulala. Ni kweli nimekuwa daktari. Lakini risasi ya kiasi kidogo haiui mtoto wala haimlazi kitandani. Humpunguzia uwezo wa kutulia, wa kukumbuka, wa kusoma. Mtoto aliyepungukiwa na alama chache za akili hana pacha ambaye hakupungukiwa, wa kusimamishwa kando yake tukawalinganisha. Katika watoto wanne wa nyumba ile, mmoja aliitwa mzito wa kusoma, akachapwa kwa ajili hiyo shuleni na nyumbani, akaacha masomo darasa la saba. Sidai kwamba ni sufuria. Hakuna awezaye kulijua hilo sasa. Nasema tu kwamba ushahidi wa "sisi tulikula na hatukudhurika" hutolewa daima na wale ambao hawakudhurika.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa la nyumbani. Ni bingwa wa magonjwa ya watoto. Nimefanya kazi wodini na kliniki zaidi ya miaka kumi na mitano. Nimewauliza maelfu ya akina mama kuhusu chandarua, choo, maji ya kunywa, maziwa ya mama, chanjo, hata aina ya kuni. Sikumbuki kumwuliza hata mmoja: unampikia mtoto katika sufuria gani, na imetoka wapi? Nimetibu upungufu wa damu usioelezeka kwa vidonge vya chuma na dawa za minyoo, na ulipogoma kupona nikaandika tena vidonge vya chuma. Nimesikia malalamiko ya tumbo lisilo na sababu na ya mtoto asiyetulia, nikamtuliza mama badala ya kumchunguza mtoto. Maoni yangu ni kwamba swali hili liingie katika historia ya kila mtoto chini ya miaka mitano, lifundishwe kwa wanafunzi wetu kama tunavyofundisha swali la chandarua, na kwamba kipimo cha risasi katika damu kiwe kitu ambacho daktari wa kawaida anaweza kukiomba bila kuonekana anatafuta makuu.

Wapo watakaosema dawa ni kuwapiga marufuku wasubu. Siungi mkono. Ukimfungia fundi leo, kesho atasubu usiku, na mama mwenye kipato kidogo bado atahitaji sufuria. Kinachowezekana ni kuwaelekeza mafundi kutenga chakavu: rejeta, betri na vipande vya vifaa vya umeme visiingie tanurini kabisa, na sufuria zao zipimwe kama tunavyopima mizani ya sokoni. Familia yenye uwezo wa kununua chombo kimoja tu kipya inunue cha chuma kisichoshika kutu, na kitumike kwanza kwa chakula cha mtoto na kwa vyakula vya nyanya, ndimu na ukwaju. Ile ya kusubu isihifadhi chakula usiku kucha.

Kipimajoto kilinipa taabu ya namna nyingine. Mama alikuwa muuguzi, na kwa kipimajoto kile nilijifunza kusoma namba ndogo kuliko zote nilizowahi kuziona, nikikigeuzageuza mbele ya dirisha mpaka uzi wa fedha utokeze. Hakuna chombo nilichokitaka zaidi siku ile. Ndani yake mna kiasi cha nusu gramu hadi gramu moja ya zebaki, ambayo haina madhara maadamu kioo ni kizima. Kikivunjika, zebaki hutawanyika kwa vijipunje vinavyopendeza sana machoni pa watoto (tulivichezea, nami nakumbuka) na hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, unaodhuru ubongo, mapafu na figo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013, uliweka 2020 kuwa mwaka wa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini vipimajoto vya aina hii. Vilivyomo makabatini mwetu, lakini, havikusoma mkataba. Msomaji ambaye chake kitavunjika awatoe watoto chumbani, afungue madirisha, avue pete ya dhahabu kwa kuwa zebaki huishika dhahabu, kisha akusanye vijipunje kwa karatasi ngumu na kuvitia katika chupa yenye maji kidogo na kifuniko imara. Asifagie, kwani ufagio huvipasua kuwa vidogo zaidi. Asivimwage chooni wala asivichome. Cha mama nimekifunga ndani ya kopo lenye pamba na kukikabidhi kwa wenzangu wa maabara wanaoshughulikia taka za namna hiyo. Ala yake nimebaki nayo.

Jiko la mchina hatukuligombania, lakini kando yake tulikuta chupa ya soda ya kioo iliyotunza mafuta ya taa tangu tukiwa wadogo. Nimepokea watoto wengi mno walionywa kutoka katika chupa kama ile wakidhani ni maji. Mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe kwa namna yoyote, wala asilazimishwe maziwa ili atapike, kwa maana madhara makubwa huja mafuta yanapoingia mapafuni. Apelekwe hospitali. Na mafuta yakae katika dumu lenye kifuniko cha kubana, juu, si katika chupa ambayo mtoto ameshaifahamu kuwa ya kinywaji. Chandarua chenye dawa hukadiriwa kudumu miaka mitatu hivi. Cha mama kilikuwa na mashimo ya kupitisha kidole, na nilikitupa bila kumwuliza mtu.

Sufuria haikuamuliwa siku ile. Mdogo wangu aliichukua, akaondoka nayo bila kuniaga vizuri. Wiki tatu baadaye alinipigia simu usiku. Hakuzungumzia sufuria, aliniuliza kipimo kile kinagharimu kiasi gani. Damu ya mtoto tuliituma katika maabara binafsi, na majibu yakachukua karibu mwezi: mikrogramu 7 za risasi kwa desilita. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kuanzia 5 chanzo kinapaswa kutafutwa na kuondolewa. Dawa za kuondoa risasi mwilini hufikiriwa kwa mtoto aliyefikia 45, kwa hiyo hapakuwa na dawa ya kumwandikia. Nilikagua pia rangi ya kuta na mlango ambao mtoto hupenda kuubandua kwa kucha, nikamwuliza baba yake kuhusu karakana anayofanyia kazi na nguo anazorudi nazo. Siwezi kuapa kwamba ni sufuria peke yake.

Sasa wanapikia katika sufuria mbili mpya ndogo. Mtoto anakula dagaa, mboga za majani na maziwa zaidi ya awali, na ananawishwa mikono kabla ya kula. Ile ya mama imewekwa uani, imejazwa udongo, na mdogo wangu amepanda mshubiri ndani yake. Damu tutaipima tena baada ya miezi mitatu.