Kabla ya kupakia mazao, kagua tairodi

Gereji nyingi za Kanyenye, hapa Tabora mjini, zinafanana kwa jambo moja. Kwenye kona, karibu na pipa la oili chafu, kuna lundo la vyuma vifupi vyenye kichwa cha mviringo na mpira uliochanika. Hizo ni ncha za tairodi, zile zinazounganisha usukani na magurudumu ya mbele. Ukimwuliza fundi zimetoka kwenye magari ya wapi, atakutajia Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua, yaani kule kule inakotoka tumbaku, asali, karanga na mpunga. Ukimwuliza zilidumu muda gani, atacheka kwanza ndipo akujibu.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa katika gereji mojawapo pale ilipoletwa Land Cruiser pickup ikivutwa kwa kamba. Tairi la kushoto lilikuwa likitazama porini na la kulia likitazama barabarani. Ilikuwa imetoka kupeleka mbolea kijijini. Dereva alisimulia kwamba tairodi ilichomoka akiwa anatambaa kuvuka korongo, dakika chache tu baada ya kuiacha barabara ya lami. Ncha hiyo ilikuwa imefungwa miezi mitatu iliyopita. Fundi alipomkumbusha mwenye gari kwamba siku ile alimshauri achukue iliyo bora, yeye akajibu: "Fundi, wewe nawe. Mbolea yenyewe ilikuwa ya mkopo, ningetoa wapi?"

Jibu hilo tunaliheshimu, kwa kuwa ndilo jibu la wafanyabiashara wadogo wengi. Hata hivyo tunaona kwamba hesabu iliyo nyuma yake si sahihi, na kwamba kosa hilo sasa ni ghali kuliko zamani.

Ni ghali kwa sababu ya lami. Miaka ya nyuma gari la mazao lilitoka kijijini hadi mjini kwa mwendo wa kujikongoja. Tairodi ikichomoka, gari lilisimama kwenye kichaka, watu wakashuka, wakatukana kidogo, wakasubiri msaada. Leo barabara kuu za kutoka Tabora kwenda Nzega, Urambo, Sikonge na Itigi zina lami. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini gari ni lile lile: linashinda siku nzima kwenye visiki, makorongo na mchanga, kisha jioni linaingia kwenye lami likiwa na tani za mzigo na vibarua juu yake, na dereva anakanyaga mafuta ili awahi. Ncha iliyolegezwa porini inakuja kukatikia kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Hapo usukani unabaki mikononi mwa dereva na magurudumu yanakwenda yanakotaka.

Tueleze kwa kifupi kifaa chenyewe, kwani wengi wanakilipia bila kukijua. Ndani ya ncha ya tairodi kuna tufe la chuma lililokaa kwenye kikombe chake, likizungukwa na grisi. Juu yake kuna mpira wa kuzuia vumbi na maji. Kinachoiua ncha, mara nyingi, si mzigo. Ni ule mpira kuchanika. Vumbi letu la kiangazi likishaingia, linachanganyika na grisi na kuwa kama msasa. Mvua ikija, maji yanaiondoa grisi iliyobaki na kutu inaanza. Tufe linalika, kikombe kinapanuka, na siku moja tufe linachomoka. Kabla ya siku hiyo gari hutoa taarifa: usukani unacheza, mbele kunagonga kila ukipita shimo, matairi yanalika upande mmoja. Wenye magari wengi huzichukulia dalili hizo kuwa ni uzee wa gari.

Sasa hesabu. Tuchukulie mfano wa pickup yenye ncha nne, mbili za tairodi na mbili za fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani. Tuseme ya bei rahisi ni shilingi 25,000 na iliyo bora ni 80,000. Nne za bei rahisi ni 100,000, nne bora ni 320,000. Hapo mtu anaona ameokoa 220,000. Lakini kama zile rahisi zinabadilishwa mara tatu kwa mwaka, vifaa pekee vinafika 300,000. Ongeza ufundi 30,000 na kupima alaimenti 30,000 kwa kila mara, jumla inakuwa 480,000. Zile bora, zikikaa mwaka mzima, zimegharimu 380,000 pamoja na ufundi na alaimenti. Bado hatujagusa matairi mawili ya mbele yaliyolika, wala siku gari lilizolala gereji wakati wenzako wanabeba mazao. Weka bei za dukani kwako na idadi ya mara unazobadilisha wewe. Inawezekana kwa gari linalozunguka mjini tu jibu likawa tofauti, na hapo nunua rahisi kwa amani.

Hesabu hiyo ina tundu moja. Ukiuziwa feki kwa bei ya kitu halisi, umepoteza mara mbili. Na boksi si ushahidi. Chapa ya 555 ya kampuni ya Sankei ya Japani, kwa mfano, inaaminiwa sana na mafundi wa Toyota, na kwa sababu hiyo hiyo inaigwa. Kwa hiyo acha boksi, kishike chuma chenyewe. Chapa na namba viwe vimegongwa kwenye chuma, siyo kwenye karatasi ya kubandika tu. Mwili wake uwe wa chuma kilichofuliwa, usiwe na vinyweleo na mabaki ya kusubu. Lisukume tufe kwa kidole: likiwa jipya linapaswa kuwa gumu kidogo na kwenda kwa ulaini, bila kuruka wala kuchezacheza. Likilala lenyewe kwa uzito wake, lirudishe kwa muuzaji. Mpira uwe laini na uwe umebanwa kwa pete. Nati iwe na mapengo ya kupitishia kotapini, na hiyo kotapini iwemo. Mwisho, iweke sambamba na ile ya zamani ulinganishe urefu, unene wa mguu na upande wa hesi, kwa kuwa ncha moja ya tairodi huwa na hesi ya kushoto na nyingine ya kulia.

Kuna ubishi wa siku nyingi kama ni bora kununua ncha yenye tundu la kupigia grisi au ile iliyofungwa moja kwa moja. Kwa magari ya porini sisi tunachagua yenye tundu, kwani grisi mpya husukuma nje uchafu na maji. Lakini faida hiyo ni ya mtu anayepiga grisi kweli, hasa baada ya kuvuka maji, na anayeacha kusukuma pale grisi ya zamani inapoanza kutoka, asije akaupasua mpira. Kama unajijua huna tabia hiyo, nunua iliyofungwa vizuri, itakufaa zaidi.

Fimbo yenyewe ya tairodi nayo ina maadui zake. Mashamba mapya ya tumbaku huku kwetu yanafunguliwa kwenye miombo, na njia za kwenda kwenye mabani zimejaa visiki. Fimbo ikigonga kisiki inapinda. Wapo wanaoipasha moto na kuinyoosha, wengine wanachomelea bomba juu yake ili iwe nene. Tunasema bila kuficha kwamba kuchomelea tairodi ni kucheza na roho za watu, kwa kuwa moto wa gereji hubadilisha ugumu wa chuma na hakuna wa kukuambia kitakatikia wapi. Kama njia zako ni mbaya, nunua fimbo nene iliyotengenezwa hivyo kiwandani. Hata hiyo si dawa ya kila kitu, kwani fimbo isiyopinda hupeleka pigo lote kwenye ncha na kwenye boksi la usukani. Ni bora kumlipa kijana ang'oe visiki viwili vitatu vya njiani.

Wale wanaoongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi wafahamu kwamba gari likinyanyuka, fimbo hukaa mshazari na tufe hufanya kazi pembeni kabisa mwa kikombe chake. Ncha bora itakufa mapema kama ile mbovu. Kuhusu spea za mtumba kutoka Japani, tunazikubali kwa mlango, taa na hata gia boksi, lakini si kwa ncha za usukani. Umri wake huuoni kwa macho.

Lini ubadilishe? Zamani za misafara, wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikwenda pwani wakati wa kiangazi na kurudi kwa ajili ya kilimo mvua zinapokaribia. Kalenda hiyo bado ni nzuri kwa magari yetu. Mazao yakishabebwa, na kabla ya kuanza kusambaza mbolea na mbegu, kuna wiki chache ambazo gari lina nafasi na mwenye gari ana fedha. Hapo ndipo ncha zibadilishwe, siyo Januari, gari likiwa limezama kwenye tope.

Tumezungumza na wenye magari. Lakini wakulima wengi hawana gari, wanakodi, na gharama ya usafirishaji mwishowe huwarudia wao kwa makato au kwa bei ya chini. Mkulima ndiye anayekaa juu ya marobota yake. Kwa hiyo naye ana haki ya kuuliza, na kukagua si kazi ya kitaalamu. Gari likiwa chini, siyo kwenye jeki, na breki ya mkono ikiwa juu, mtu mmoja autikise usukani kushoto na kulia kidogo kidogo. Mwingine achungulie kila ncha. Mguu na kichwa cha ncha vinapaswa kwenda pamoja. Kimoja kikitangulia na kingine kikifuata, ncha imekwisha. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.

Vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vinakodi magari kila msimu na vina nguvu ambayo mkulima mmoja hana. Tunapendekeza mikataba yao ya usafirishaji iwe na kipengele kimoja: gari halipakii mpaka limekaguliwa na fundi aliyechaguliwa na chama, na ukaguzi urudiwe katikati ya msimu. Aidha, vyama hivyo vinaweza kuwaagizia wanachama wenye magari ncha kwa pamoja, kutoka kwa muuzaji mmoja anayejulikana, kama vinavyoagiza mbolea. Atakayelalamika kwamba hiyo si kazi ya ushirika ahesabu ni robota ngapi zimewahi kunyeshewa kando ya barabara zikisubiri gari la pili.

Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inashughulikia bidhaa bandia, na Shirika la Viwango (TBS) linahusika na ubora. Tungependa kuwaona zaidi kwenye maduka ya spea ya mikoani, siyo Kariakoo peke yake. Lakini malalamiko bila risiti hayafiki mbali. Muuzaji wa spea aandike kwenye risiti chapa na namba ya kifaa, siyo "spea" tu, na mnunuzi asiondoke dukani bila karatasi hiyo.

Ile pickup ya mbolea ilitoka gereji siku ya tatu. Mwenye gari alinunua ncha mbili bora kwa tairodi na kuziacha mbili za zamani kwenye fimbo ya boksi, akiahidi kuzimalizia mzigo unaofuata ukishalipwa. Fundi aliandika tarehe kwa chaki ukutani.